Tanga ianze na majina ya wapagazi, mnara utafuata

Ukimuuliza mtu wa Tanga kuhusu vita vya Novemba 1914, mara nyingi atakutajia nyuki. Ni kweli walikuwapo. Risasi ziliwachokoza kwenye miti ya upande wa Ras Kazone, nao wakawashambulia wapiganaji bila kuuliza huyu ni wa nani. Lakini kisa hicho kimekuwa kitamu mno, kimefunika watu. Mji unaojua habari za nyuki haujui jina la mpagazi hata mmoja aliyetoka Ngamiani, Pongwe, Mkinga au Muheza akaenda na mzigo kichwani asirudi.

Pigano lenyewe lilikuwa fupi. Tarehe 2 Novemba manowari ya Waingereza, Fox, ilifika mbele ya mji, uliokuwa mikononi mwa Wajerumani, ikadai Tanga ijisalimishe. Nyuma yake kulikuwa na kikosi cha watu kiasi cha 8,000, wengi wao Wahindi waliosafirishwa kutoka Bombay chini ya Jenerali Arthur Aitken. Muda uliopotea katika mazungumzo, na katika kutafuta mabomu ya majini ambayo hayakuwapo, ulimpa kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, nafasi ya kuteremsha kampuni zake kwa reli kutoka Moshi. Tarehe 4, akiwa na watu kiasi cha 1,000, wengi wao askari Waafrika, aliwarudisha wavamizi ufukweni. Waingereza walipoteza watu 360 waliokufa na 487 waliojeruhiwa. Upande wa Wajerumani walikufa kiasi cha 70, na wengi wa hao walikuwa askari Waafrika. Tarehe 5 meli zilipakia walionusurika, zikaacha nyuma bunduki 455 na risasi zisizopungua nusu milioni.

Siku hizo nne ndizo zinazosomwa. Vita viliendelea miaka minne. Januari 18 na 19, 1915, palipiganwa Jasini, mpakani kaskazini ya Tanga. Waingereza waliuchukua mji wetu tarehe 7 Julai 1916, wakachukua Bagamoyo tarehe 15 Agosti na Dar es Salaam tarehe 4 Septemba. Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, ambako leo ni Mbala nchini Zambia, wiki mbili baada ya mizinga ya Ulaya kunyamaza. Katika muda wote huo vita vilitembea kwa miguu ya wapagazi. Majeshi ya Waingereza na washirika wao yaliwatumia watu zaidi ya milioni moja katika kazi hiyo, na idadi ya vifo inayotajwa mara nyingi ni 95,000, mara nyingi zaidi ya wanajeshi waliokufa upande huohuo. Upande wa Wajerumani wapagazi hawakuhesabiwa sawasawa hata walipokuwa hai.

Kwa nini watu wengi hivyo? Mbung'o waliua farasi na ng'ombe wa kukokota kwa makumi ya maelfu. Reli ya Usambara iliishia Moshi, na Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma mwaka 1916 walivunja madaraja yake. Barabara za magari ziligeuka tope kila masika. Kikabaki kichwa cha mtu. Na kichwa cha mtu kina hesabu yake, ambayo maofisa wengi waliielewa wamechelewa.

Mzigo wa kawaida ulikuwa ratili 50 hadi 60. Chukua 50, kiasi cha kilo 23. Posho ya mpagazi ilikuwa kama ratili mbili za unga kwa siku. Akibeba unga kwenda mwendo wa siku kumi, kisha akarudi siku kumi, atakuwa amekula ratili 40. Kinachofika kwa askari ni ratili 10. Kampuni ya watu 200 iliyo mbali na stoo kwa siku kumi inahitaji ratili 400 kila siku, maana yake wapagazi 40 lazima wafike kila siku, na kwa kuwa kila mmoja yuko njiani siku 20, watu 800 wanatembea wakati wote kulisha watu 200. Hapo hujahesabu masanduku ya risasi, mitambo ya bunduki za rashasha, mahema, dawa, wala machela, ambayo hula watu haraka kuliko kitu kingine kwa sababu majeruhi mmoja anahitaji wabebaji wa kupokezana. Ofisa akisogeza kambi siku mbili mbele, hitaji la wapagazi haliongezeki kwa sehemu ya tano tu. Linaruka. Mwendo ukifika siku kumi na mbili na nusu mzigo wote unaliwa njiani na hakuna kinachofika. Ndipo posho inapopunguzwa, na anayepunguziwa kwanza ni mbebaji.

Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria na kichomi, na kuhara kulianzia jikoni. Unga wa mahindi uliotolewa mara nyingi ulikuwa umesagwa vibaya, umejaa makapi. Chakula cha namna hiyo kinahitaji kuchemka muda mrefu, nao walifika kambini usiku, kuni zimelowa, sufuria ni chache na maji ni ya dimbwi. Waliula ukiwa nusu mbichi. Tumbo lililozoea ndizi, mchele au muhogo halikustahimili, makapi yakachubua utumbo, na vijidudu vikapata njia. Oscar Watkins, aliyesimamia idara ya wapagazi upande wa Waingereza, alipigania upishi wa pamoja, sufuria za kutosha na blanketi. Palipofuatwa mpango huo vifo vilipungua, lakini majeshi yalipokuwa mbioni haukufuatwa. Watu wa pwani waliopelekwa nyanda za baridi na nguo moja walikufa kwa mapafu. Vita vilipokwisha, askari wa Lettow-Vorbeck walipelekwa Tabora, na huko mafua makubwa ya 1918 yakachukua wengi waliokuwa wamepita salama kwenye risasi za miaka minne.

Tume ya makaburi ya vita ya Dola ya Kiingereza iliundwa mwaka 1917 kwa ahadi kwamba kila aliyekufa atakumbukwa kwa jina lake, bila kutazama cheo wala dini. Afrika Mashariki ahadi hiyo ilivunjwa kwa makusudi. Kumbukumbu za tume zinaonyesha kwamba Gavana Horace Byatt wa Tanganyika alikuwa na maoni kuwa makaburi makubwa ya wapagazi, Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudi porini upesi iwezekanavyo, na kwamba hakupenda kuzitazama takwimu za Waafrika waliopotea. Badala ya majina ikaja sanamu. Mwaka 1927 Dar es Salaam ilipata ile ya askari anayenyosha bunduki yenye singe, na maandishi ya Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu yanayowataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanayoahidi kwamba mtu akiifia nchi yake wanawe watalikumbuka jina lake. Juu ya sanamu hiyo hakuna jina.

Mwaka 2021 tume yenyewe, sasa ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti ikakiri. Ilikadiria kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa jina, wengine hawakukumbukwa kabisa. Iliomba radhi. Tangu hapo kazi imefanyika mahali fulani: Januari 2025 Cape Town ilifungua ukumbusho wenye majina zaidi ya 1,700 ya wafanyakazi Weusi wa jeshi la Afrika Kusini, na majina hayo yalipatikana kwa sababu watu walikwenda kwenye nyaraka za jeshi wakazifungua. Kwa hiyo majina yanapatikana. Hoja kwamba yamepotea yote haina nguvu tena.

Kuna pingamizi moja linalostahili jibu: kwa nini tuwaheshimu watu waliowatumikia wakoloni? Jibu langu linaanza na namna walivyopatikana. Jumbe, mkuu wa kijiji, aliambiwa alete watu kadhaa kufikia siku fulani, akida aliye juu yake akasimamia, na aliyekimbia alifungiwa mkewe au mbuzi zake. Walimu na wachungaji Waafrika wa misheni ya Kianglikana, yenye kituo Magila karibu na Muheza, walifungwa na Wajerumani, wengine kwa minyororo, kwa kudhaniwa kuwa watu wa Mwingereza. Mtu wa Tanga aliyechukuliwa na Mjerumani mwaka 1915 aliweza kuchukuliwa tena na Mwingereza mwaka 1916 abebe unga uleule kwa kufuata njia ileile. Huyu hakuchagua Kaizari wala Mfalme. Chakula cha kijiji chake kilichukuliwa pia. Ugogo walikufa maelfu kwa njaa ya Mtunya, iliyotokana na ukame pamoja na majeshi kunyang'anya nafaka, ng'ombe na wanaume. Kumkumbuka mtu huyo hakumtukuzi aliyemtwika.

Askari ni suala jingine, nami sitaki tulifiche. Baadhi yao walikuwa wamepigana dhidi ya Waafrika wenzao katika Maji Maji, miaka tisa tu kabla ya Tanga. Waandikwe, kwa sababu walikuwapo na walikufa, lakini waandikwe kwa kazi waliyoifanya, kwenye safu yao, wasichanganywe na wapagazi ili fungu moja lipambe jingine. Katika miaka ya 1960 Ujerumani Magharibi ililipa fedha kwa askari wazee waliokuwa hai. Mpagazi hakuwa na wa kumdai. Mishahara ya maelfu ya wapagazi wa Mwingereza waliokufa haikudaiwa, na London haikuirudisha huku.

Taifa letu linajua kuzika mashujaa wake. Kaboya, mkoani Kagera, kila askari aliyezikwa hapo kutoka vita vya 1978 na 1979 ana kaburi linalojulikana, na kila tarehe 25 Julai tunaweka silaha za jadi na mashada. Kwa hiyo tunachokosa kwa wapagazi si desturi. Tunakosa orodha.

Ndiyo sababu nasema Tanga isianze na mnara. Mnara usio na majina tunao tayari, upo Dar es Salaam. Tuanze na kaunta buku moja kwa kila kata, na tuanze mwaka huu, kwa sababu umri hautungoji. Mtu aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1916 alizaliwa karibu na 1896. Kama alirudi, mtoto wake wa mwisho, tuseme wa 1936, leo anakaribia miaka 90. Wanaoweza kusema "babu yangu aliondoka na hakurudi" kwa kusikia kutoka kinywa cha mtoto wa marehemu ni wajukuu wa miaka 60 hadi 80. Kizazi kitakachofuata kitasema tu kwamba kulikuwa na mzee mmoja vitani.

Daftari liwe na safu hizi, bila kupunguza: jina lake na majina aliyoitwa, jina la baba, ukoo na kabila, kijiji na jumbe wa wakati ule, upande uliomchukua au pande zote mbili, kazi yake (mpagazi, mbeba machela, mpishi, boi wa ofisa, mfanyakazi wa reli, askari), alikopelekwa, alirudi au hakurudi, na mwisho kabisa nani amesema, ana uhusiano gani naye, tarehe gani. Safu hiyo ya mwisho ndiyo hurukwa, na ikirukwa daftari zima linakuwa uvumi. Anayeuliza awe mtu wa kata hiyo, afike kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa mzee wa ukoo, na asiulize "babu yako alipigana vita gani?" Aulize nani katika ukoo huu alichukuliwa na hakurudi, nani alirudi mgonjwa, watoto gani walipewa jina la aliyepotea. Majina ya kurithisha ni ushahidi mkubwa katika koo za Wadigo, Wabondei, Wasambaa, Wazigua na Wasegeju. Wanawake waulizwe peke yao, maana bibi ndiye aliyebaki nyumbani akihesabu nani hayupo.

Kosa litakalojirudia kuliko yote ni kuchanganya vita viwili. Ukisikia Habeshi, Burma, au shilingi za mshahara, huyo ni wa vita vya Hitla, na anastahili daftari lake. Ukisikia Mjerumani, rupia, akida, mizigo na kuhara, uko mahali pake. Pima kwa umri: aliyezaa mtoto mwaka 1955 kwa mke wa kwanza aliyemwoa ujanani hawezi kuwa mpagazi wa 1916.

Sambamba na hilo, watu wawili au watatu wanaosoma Kiingereza na Kijerumani waingie kwenye nyaraka. Nyaraka za Taifa Dar es Salaam zina majalada ya utawala wa Kijerumani na ya Waingereza. Kew huko London kuna shajara za vikosi, na Freiburg kuna nyaraka za kijeshi za Ujerumani. Hapa karibu kuna madaftari ya ubatizo na vifo ya misheni za Kianglikana na za Kilutheri, kuanzia Magila na Korogwe mpaka milima ya Usambara. Tusisahau kwamba Frank Weston, askofu wa Zanzibar, aliongoza yeye mwenyewe kikosi cha wapagazi wa Zanzibar mwaka 1916 katika pwani ya Bagamoyo na Dar es Salaam. Misheni ilikuwa na sababu ya kuandika watu wake. Waislamu hawakuwa na madaftari ya namna hiyo, nao ndio wengi katika mji huu, kwa hiyo orodha ya nyaraka peke yake itaegemea upande mmoja. Daftari la kata ndilo litakalosawazisha.

Msomaji wa nyaraka ajue pia kwamba jina halitaonekana kama tunavyoliandika. Karani wa Kijerumani aliandika Dschuma kwa Juma, Tschande kwa Chande, Muschi kwa Mushi, na Wasegua kwa Wazigua. Karani wa Kiingereza alikata Hamisi kuwa Hamis na mara nyingi aliacha jina la baba. Kwa hiyo kila jina litafutwe kwa maumbo matatu au manne, na mechi isikubaliwe kwa jina peke yake: angalau kijiji au jumbe alingane. Juma bin Hamisi ni wengi.

Baada ya hapo kila jina lipewe daraja. Daraja la kwanza ni lililo na hati na shahidi. La pili, mashahidi wawili wa nyumba tofauti. La tatu, shahidi mmoja. Majina ya daraja la kwanza yapelekwe kwenye tume ya Jumuiya ya Madola, ambayo hukubali aliyekufa akiwa kazini kwa sababu yoyote ile kati ya tarehe 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921, na hata aliyeachishwa kazi akafa ndani ya tarehe hizo kwa ugonjwa wa kazini, ikithibitishwa. Hii ni muhimu sana kwa wapagazi, kwa kuwa wengi walirudishwa makwao wakiwa wameshakwisha. Waliotumikia Mjerumani wapelekwe kwa taasisi ya Kijerumani ya makaburi ya vita. Majina yote, ya kila daraja, yabaki Tanga: nakala Maktaba ya Mkoa, nakala makumbusho ya Urithi pale boma la zamani, nakala kwa kila kata.

Ardhi haitasubiri. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja vilivyotengenezwa au kujengwa kabla ya 1863. Uwanja wa vita wa 1914 uko nje ya tarehe hiyo, hivyo haulindwi na sheria hiyo mpaka waziri autangaze, na Ras Kazone inajengwa kila mwaka. Halmashauri inaweza kuomba tangazo hilo kwa maeneo machache yenye mipaka iliyopimwa. Panaposemwa kuna makaburi ya wapagazi, pachukuliwe vipimo vya simu na picha, na asichimbe mtu.

Ukuta ukijengwa siku moja, fundi azingatie upepo wa bahari. Vibao vya shaba vitang'olewa viuzwe kwa vyuma chakavu, na vya chuma vitaoza. Mchanga wa ufukweni usiingie kwenye zege, maana chumvi yake hula nondo kutoka ndani na ukuta hupasuka baada ya miaka michache. Nondo zifunikwe na zege lisilopungua milimita 50. Majina yachongwe kwenye jiwe gumu, yasipakwe rangi, na theluthi ya ukuta iachwe wazi kwa majina yatakayokuja.

Kabla ya ukuta huo, hakuna kinachozuia majina kusomwa. Tarehe 4 Novemba kila kata inaweza kusoma hitima msikitini, watu thelathini wakigawana juzuu thelathini, na majina ya daftari la kata yakatajwa katika dua. Kanisani yakatajwa katika ibada ya Jumapili iliyo karibu. Kata yenye majina manne isome manne. Anayesikia na kukumbuka la tano amfuate mwenye kaunta buku siku hiyohiyo, aandikwe pamoja na jina lake mwenyewe kwenye safu ya mwisho.